Mwaka Niliojifunza Kusafisha Data

Mwezi uliopita Furaha alinipigia simu kuniambia kwamba sisi tuliofundishwa takwimu pamoja kule Himbi, mjini Goma, wakati wa ujana wetu, tungekutana kwa chakula cha mchana ili kumuaga Papa Anselme, mwalimu wetu, ambaye anastaafu. Nikamwambia siendi. "Masi, utakuya," akasema, "batu bote bameshaitika, weye peke yako njo utaleta kichwa nguvu?" Nikaenda. Naomba msomaji anielewe tangu mwanzo: nilikwenda na kinyaa, nikakaa na kinyaa, na nimerudi nacho nyumbani. Walikuwa wamekodi bustani ya hoteli karibu na ziwa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe kama harusi, na Papa Anselme amekaa katikati, mnene kuliko zamani, suti imemkaba tumboni. Alisimama akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Batoto bangu, mi niliwafundisha kitu moya tu. Data inapashwa kuwa safi." Watu wakapiga makofi. Furaha naye akapiga, huku akinikanyaga mguu chini ya meza ili nami nipige. Sikupiga. Tangu mwaka niliojifunza kazi kwake, simpigii makofi mtu anayezungumzia usafi wa hesabu za watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo na diploma ambayo hakuna aliyeitaka, nikasikia kuna ofisi ndogo Himbi inayofanya uchunguzi kwa niaba ya mashirika na inatafuta vijana wa kuingiza majibu kwenye kompyuta. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, na darasa lilikuwa sebule. Ilikuwa sharti kuvua viatu mlangoni tusiingize vumbi jeusi la lava, na kwa kuwa msimu wa mvua pale mjini hauishi, tuliingia na soksi mbichi. Zulia lilikuwa la rangi ya maziwa yaliyoganda, limelowa unyevu wa ziwa, na harufu yake ikichanganyika na ile ya soksi zetu na moshi wa jenereta lililofungwa nyuma ya dirisha ilikuwa kitu ambacho hadi leo kinanirudia nikifungua kompyuta mpya. Vibonye vya mashine vilinata. Papa Anselme alikuwa na tabia ya kuinama juu ya bega la mtu akiwa anatafuna andazi, akibonyeza kwa kidole kilekile alichoshikia andazi, na makombo yakidondoka kati ya herufi. Nilikuwa nikifika asubuhi nafuta mashine yangu kwa kipande cha kitenge kabla ya kuiwasha. Furaha, tuliyeketi naye meza moja, alikuwa ananicheka: "Weye utaolewa na hiyo ordinateur." Hata programu yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya kujaribu, muda wake umekwisha, kwa hiyo kila asubuhi tulirudisha kalenda ya kompyuta nyuma ili iamini bado tuko mwaka uliopita. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza sayansi ya ukweli, kwa kuidanganya mashine kuhusu tarehe.

Hata hivyo, nisiwe mwongo na mimi, niliipenda ile kazi. Mtu asiyewahi kufungua programu ya takwimu hudhani ni hesabu tupu, kumbe mwanzoni hakuna hesabu kabisa, kuna kutoa majina. Programu ilikuwa na nyuso mbili, na chini ya dirisha kulikuwa na vitufe viwili vya kuhama kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Uso wa kwanza ulikuwa viboksi vitupu, mamia kwa mamia: kila safu ya kushuka ni swali moja, kila mstari wa kulala ni nyumba moja. Uso wa pili ndio ulikuwa wa kueleza kila safu ni nini. Unaandika jina fupi lisilo na nafasi katikati, unasema ni tarakimu au maneno, kisha unaifundisha kwamba moja maana yake mwanaume, mbili maana yake mwanamke, moja ana mlango wa mbao, mbili ana mlango wa bati, tatu hana mlango. Papa Anselme alitufundisha pia kwamba mtu akikataa kujibu usiache tupu, andika tisini na tisa, halafu uiambie programu kwamba tisini na tisa ni kimya. Hapo ndipo wengi tulipoanguka. Siku ya kwanza nilipoomba wastani wa umri wa wakuu wa nyumba katika mtaa mmoja wa Murara, mashine ilinijibu kwamba mtaa mzima ni wazee wa kukongoja. Nilikuwa nimesahau kuieleza juu ya ile tisini na tisa, na wote walionyamaza ilikuwa imewafanya vikongwe. Furaha naye aliomba wastani wa jinsia, akapata kwamba mtu wa kawaida wa Goma ni mwanaume na nusu. Tulicheka hadi machozi. Papa Anselme alicheka pia, mdomo wazi, andazi ndani, akatueleza kwa subira nzuri tu mahali pa kubonyeza. Alikuwa mwalimu mzuri. Ningependa kusema alikuwa mbovu, ingenisaidia, lakini alijua kufundisha, na jedwali langu la kwanza lililotoka sawa, kila kitu kimejipanga na asilimia pembeni, nililiangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake amevaa sare ya shule.

Wakati huo nilikuwa napanga chumba Ndosho kwa Mama Devota. Alikuwa mjane wa watu wa Butembo, Mkatoliki wa kuamka na rozari, muuzaji wa maharagi sokoni. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati juu ya mawe ya lava, na ua wake ulizungushiwa ukuta wa mawe hayohayo, umepangwa bila saruji. Sisi wa nyumba tulikuwa wanane, mimi nikihesabiwa kama mtoto kwa sababu kodi yangu ilijumuisha chakula. Mwaka ule watu waliposhuka tena kutoka Rutshuru na Masisi wakikimbia vita, Mama Devota alimkuta mama mmoja, Mama Uwimana, amekaa na watu wake kwenye veranda ya duka karibu na soko, mvua inawapiga, akawaambia ingieni. Walikuwa kumi na watatu, yeye na watoto, baba yake mzee, dada yake na watoto wa dada, wa mwisho bado wa kubebwa mgongoni. Hawakuwa ndugu, wala hawakuwa wa lugha moja. Mama Uwimana alizungumza Kinyarwanda na watoto wake, Mama Devota Kinande na wake, na wote walikutana kwenye Kiswahili na kwenye sufuria. Majirani walimtania Mama Devota: "Mama, mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe!" Naye alijibu, "Jembe atalima wapi? Ku mawe?" Ile sufuria ilikuwa kubwa ya kupikia matanga, na alikuwa ameinunua kwa ajili yao. Kwetu kule, na nadhani hata leo, mgeni aliyekimbia hapewi jiko lake. Unaweza kumlaza jikoni, unaweza kumlaza na mbuzi, lakini atakula kwenye sufuria yako. Siku ukimwekea moto wake pembeni umemfukuza bila kufungua mdomo, na hakuna asiyejua hivyo, hata mtoto anayejifunza kutambaa.

Jioni zile ninazikumbuka kwa masikio zaidi. Babake Mama Uwimana akikohoa, watoto wakigombania ukoko wa bugali, Mama Devota na Mama Uwimana wakichambua sombe, majani ya muhogo, wakibishana kama chumvi inatosha. Kulikuwa na kelele na kulikuwa na wadudu, na choo cha watu wengi namna ile sitakieleza. Lakini maharagi aliyokuwa auze yalianza kuishia tumboni mwetu, na unga ukawa wa kupimwa kwa kikombe. Nilimsikia akimwambia mama mkwe wake, aliyekuja kumtembelea, nyuma ya ukuta wa mbao: "Kama hakuna musaada itakuya, sijue nitabakulisha aje. Na kubaambia batoke, siwezi." Wakati huohuo ofisini kwetu ikaja kazi kubwa. Shirika moja lilitaka kujua ni mitaa ipi ya Ndosho ina nyumba zilizojaa wageni, ili nyumba hizo zipewe unga na mafuta, wenyeji waweze kuendelea kuwalaza watu. Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa jepesi: ni watu wangapi wanakula kwenye sufuria moja? Wachunguzi wetu walipita, wakafika kwetu pia nikiwa kazini, na Mama Devota akajibu ukweli. Nikaona, kwa macho yangu, kwamba hesabu ninayojifunza inaweza kumwezesha mtu asilazimike kusema neno ambalo hawezi kulisema. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii vile tena.

Niliingiza mitaa ya Ndosho mimi mwenyewe. Mstari wa nyumba yetu niliuandika polepole, nikaurudia mara mbili: ishirini na mmoja. Siku chache baadaye Papa Anselme akatufundisha somo jipya, kusafisha. Alieleza kwamba watu wanaoandika huchoka, mtu anataka kuandika tano anaandika hamsini na tano, na takwimu moja ya namna hiyo inavuta wastani wote kama ng'ombe anayevuta kamba. Hapo alikuwa sahihi, tulizikuta zipo. Dawa yake ilikuwa kuweka mpaka: nyumba yoyote yenye watu zaidi ya kumi na wawili tuihesabu kuwa ni kosa la kuandika, tuiondoe. Alitwambia mahali pa kufungua, tukaandika sharti, tukabonyeza. Ile programu ikikataa nyumba haiifuti mara moja. Inaipiga mstari wa mshazari juu ya namba yake, pembeni kushoto, halafu inaendelea na mambo yake kama vile haipo. Nilishuka taratibu na panya ya kompyuta hadi mtaa wetu. Mistari ya mshazari ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea, na mmoja ulikuwa umelala juu ya nyumba ya Mama Devota.

Nilimfuata kwenye veranda ambako alikuwa anakunywa chai. "Papa, zile nyumba za Ndosho si makosa," nilimwambia. "Ile ya makumi mbili na moya, mi nalalaka mule. Nakulaka ku ile sufuria."

"Masika, sikiliza mutoto wangu. Batu makumi mbili na moya ku sufuria moya? Bailleur mwenye analipa akiona ile chiffre atacheka, atasema tulikaa ku bar tukajaza bikaratasi sisi wenyewe. Atakataa kazi yote. Unataka tupoteze kazi yote juu ya nyumba yako?"

"Si nyumba yangu peke. Angalia Ndosho yote, ni vile batu banaishi."

"Weye uko mutu wa kuandika, hauko shahidi." Kisha akapuliza chai yake, akafikiri, akatabasamu. "Ao unialike. Nikuye nione."

Nilirudi nyumbani nikiruka mawe kwa furaha. Niliamini kabisa, kwa akili ya umri ule, kwamba jicho likiona mkono utarekebisha. Nikamweleza Mama Devota yote, nani anakuja na kwa nini, naye akaamua kuchinja kuku wake wa mwisho, yule wa mayai. Aliazima kiti chenye mgongo kwa jirani. Mama Uwimana alifagia ua tangu asubuhi, akawaogesha watoto wote, wa kwake na wa mwenyeji, akawapaka mafuta wakang'aa. Papa Anselme alikuja Jumamosi mchana kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, amevaa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kile kiti katikati ya ua, na watu wote ishirini na mmoja tukawa tumemzunguka, wakubwa kwenye mawe, watoto chini kando ya sufuria. Alipewa firigisi, kwa kuwa ndiye mwanaume mgeni. Akaila akisifu. Alipewa paja, akala, akapewa paja la pili ambalo lilikuwa la babake Mama Uwimana, akala pia. Alikuwa akifyonza mfupa hadi unapiga mluzi, kisha anauweka juu ya kitambaa cheupe cha Mama Devota, mmoja kando ya mwingine. Sombe ilimshika ndevu. Watoto walikuwa wanatazama mikono yake inavyokwenda na kurudi, na mimi niliwatazama wao. Ni siku ile nilipojua kwamba unaweza kumchukia mtu kwa namna anavyotafuna tu, hata kabla hajasema lolote baya.

Alipomaliza, Mama Uwimana alimletea jagi na beseni, akapiga goti, akamwagia maji mikononi. Na ni wakati huo, mikono yake ikiwa chini ya maji ya yule mama, ndipo alipoamua kutoa ushauri. "Mama Devota, umepika vizuri sana. Sasa mi nitakupa siri. Hii sufuria moya njo inawaharibia. Muigawe. Hawa bageni bapikie yabo pembeni, na sufuria yabo. Hapo nitaandika nyumba mbili, ndogo ndogo, safi, na hakuna mutu atauliza kitu." Mama Devota hakumjibu kama alivyostahili. Kwetu hubishani na mgeni ambaye mdomo wake bado una mafuta ya kuku wako. Alisema tu, "Tutaona, Papa," na akageuza uso. Nilimtazama Mama Uwimana. Alimaliza kumwagia maji, akampa kitambaa, akainuka na beseni bila kumwaga tone. Sikujua alikuwa ameelewa nini. Nilidhani sote tumemwona mtu mmoja mjinga, basi, na kwamba jioni tutamcheka.

Tulimcheka kweli. Mama Devota aliiga alivyofyonza mfupa, na hata babake Mama Uwimana, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka hadi akakohoa. Mama Uwimana alicheka kidogo akaenda kulaza watoto. Jumatatu nilikwenda kazini, Mama Devota sokoni. Papa Anselme, ambaye alijiona mtu wa huruma, alikuwa amenunua mbabula mpya, jiko la makaa, na sufuria ndogo yenye kifuniko, akampa dereva wa moto avipeleke Ndosho. Hakuniambia. Watoto ndio walituhadithia baadaye. Yule dereva alishusha vitu katikati ya ua akasema ni vya wageni. Mama Uwimana akamwuliza kama mwenye nyumba anajua. Dereva, ambaye hakujua lolote zaidi ya alivyotumwa, akamjibu: "Bamesema ni yenu, mupikie pembeni."

Niliporudi jioni nilimkuta Mama Devota amekaa juu ya jiwe, kapu la maharagi bado liko kichwani hajalitua. Ua ulikuwa umefagiwa hadi kwenye pembe za ukuta. Ile sufuria kubwa ilikuwa imesuguliwa kwa majivu, nje na ndani, ikaegemezwa ukutani ikauke, na blanketi tulizowaazima zimekunjwa mlangoni. Katikati ya ua kulikuwa na mbabula, haijawashwa, na sufuria ndogo juu yake. Hakuna aliyekuwa amevigusa. "Alienda akisema nini?" Mama Devota aliwauliza watoto wake kwa mara ya kumi. Walisema amesema asante. Amesema Mungu amlipe Mama Devota, na amemfundisha mdogo wao kufunga mlango vizuri kwa sababu mbwa wanaingia. "Atasema ni mi nilimufukuza," Mama Devota akaniambia, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Atakufa akijua ni mi. Masika, boss yako alikula kuku yangu. Nilimukosea nini?" Nikamtua lile kapu kichwani. Mwaka ule, baina ya watu wa lugha zao mbili, kulikuwa na maneno mengi mabaya yakizunguka mjini, na yeye alikuwa ametumia unga wake wote kuthibitisha kwamba si lazima yawe ya kweli.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kumtafuta kambini, nje ya mji, kwenye lava tupu iliyotandazwa mahema ya plastiki. Tulipita safu kwa safu tukiuliza Mama Uwimana wa Rutshuru mwenye baba mgonjwa. Kina Uwimana walikuwa wengi, na kila mmoja alitoka kwenye hema akitutazama kwa matumaini, kisha akarudi. Tulikwenda tena, na tena. Hatukumpata. Mama Devota aliendelea kwa muda mrefu kusonga bugali ya watu wengi, mkono umeshazoea. Alikuwa anafika mwisho anaiangalia, anatugawia sisi wanane, na iliyobaki inachacha hadi kesho yake tunaimwaga, yeye ambaye alikuwa anapima unga kwa kikombe. Nilikuwa nanusa uchachu ule nikitoka asubuhi, nikifika Himbi nanusa zulia.

Papa Anselme alituma mchunguzi kwetu, kuhakikisha. Mchunguzi akauliza ni wangapi kwenye sufuria, Mama Devota akajibu wanane, akafunga mlango. Wiki hiyohiyo, darasani, Papa Anselme alitutandikia shuka jeupe ukutani, akawasha mashine ya kurushia picha, akaonyesha mstari wa nyumba yetu. "Munaona?" alisema, akigonga shuka kwa kalamu. "Hapa iliandikwa makumi mbili na moya. Mi nikasema ni erreur. Tumerudi ku terrain, ku nyumba yenyewe: munane. Njo maana ya kusafisha." Akaandika nane, akabonyeza, na ule mshazari ukatoka juu ya namba yetu. Wenzangu wakaandika kwenye madaftari yao. Nilisimama nikasema: "Papa, ulikula kule. Uliona batu."

Alicheka bila kukasirika. "Nilikula, ndiyo. Lakini mutu mwenye amealikwa hahesabuke batu. Ni mbaya, hata kwetu ni mbaya."

Na kweli, kwetu ni mbaya. Furaha alinivuta sketi nikakaa. Wakati wa mapumziko aliniambia, "Shukrani ya punda ni mateke, Masi, ulitegemea nini?" Mtaa wetu haukupata kitu. Katika ripoti ulionekana mtaa wa familia ndogo, zenye nafasi, zisizolemewa na wageni, na jedwali lake lilikuwa zuri kuliko yote, sijaona jingine lililokaa sawa vile. Nilibaki kazini hadi mkataba ukaisha, kwa sababu nilitaka kujua kila kitu alichokijua yule mtu. Nilikijua. Nimeishi kwa kazi hiyo hadi nywele zimekuwa nyeupe, nimefundisha vijana wengi pale mjini kufungua ile programu kwa mara ya kwanza, na wanapofika kwenye somo la mipaka huwa nawaambia waende wakale kwenye hiyo nyumba kwanza. Wanacheka, wanadhani ni utani wa mwalimu. Nilipompelekea Mama Devota cheti changu, alikifuta vumbi kwa upindo wa kitenge ingawa hakikuwa na vumbi, akanirudishia. Alifariki miaka kadhaa iliyopita bila kupata habari ya Mama Uwimana.

Sasa nirudi kule bustanini. Hotuba zilikuwa zimekwisha, watu wanapiga picha, nami natafuta mkoba wangu niondoke, Papa Anselme akaniita nikae kando yake. Mkono wake uliolowa mchuzi ukanishika mkono. "Masika! Weye njo wa Ndosho, si ndiyo? Kule kwa mama wa kuku." Macho yalimng'aa. "Ile kuku, mutoto wangu! Nimekula bya hoteli, nimekula bya Kinshasa, ile kuku sijaisahau." Akacheka, tumbo likamtikisika. "Na ile ua, mama yangu! Ilijaa batu! Mi nilikuwa natafuna huku nahesabu, ni zoea ya kazi, utafanya nini."

Nilimwuliza walikuwa wangapi.

"Makumi mbili na moya," akasema palepale, akilamba kidole, "pamoja na ule mutoto wa mu mugongo."

Hakukosea hata mmoja.